Tanuri Nililolivunja Mwenyewe

Athieno mwanangu,

Tanuri letu halikuvunjwa na ng'ombe wa Mama Taabu. Nililivunja mimi, kwa mchi wa kutwangia, asubuhi ile ulipokwenda kuteka maji. Nimeanza na hilo kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, na kesho utapanda garimoshi pale Tororo ukiwa bado unamlaumu mnyama asiye na kosa.

Umekwenda Lumino kumuaga mama yako mdogo, nami namjua dada yangu, hatakuachilia kabla hujala kuku. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, karatasi nimeiweka juu ya sinia lililopinduliwa. Baba yako yuko kazini, atatukuta stesheni kesho. Mambo ya kufua, kusali na kutowaazima watu viatu, mama yako mdogo atakuwa amekwisha kukuambia; kazi hiyo yeye huipenda kuliko mimi. Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichokulea: baba yako na Kidhopadhola chake, mimi na Kisamia changu, tulikutana katikati kwenye nyumba za reli. Nina jambo moja tu la kukuambia. Ni juu ya tumbo langu na tumbo lako, na mkate.

Utacheka. Cheka kwanza, halafu endelea kusoma.

Nilivunja ungo nikiwa na miaka kumi na minne, kwetu Masinya. Siku ya pili nilikuwa chini, nimeng'ang'ania nguzo ya ghala. Marehemu bibi yako alinitazama akasema ni chango, litaisha nikizaa. Hakuwa na ubaya. Ndivyo alivyoambiwa na mama yake, na mama yake vilevile. Kila mwezi nilikuwa nalala siku mbili, ndugu zangu wanalima, mimi nimejikunja, na watu wakajifunza kuniita mvivu bila hasira, kama unavyomwita mtu mrefu au mfupi.

Nilipoolewa tulikaa Tororo, kwenye nyumba za reli. Jirani yetu alikuwa mke wa mpishi, Mganda mmoja tuliyemwita Mama Rebeka, na yeye ndiye aliyenifundisha mkate. Mpaka siku ile mimi nilijua ugali wa wimbi na muhogo, viazi, maharage, samaki wa ziwani Majanji. Aliponipa kipande cha kwanza, cha moto, kimepakwa siagi, nilikimaliza nikaomba kingine. Sijui kama nimewahi kumpenda baba yako namna ile, na barua hii usimwonyeshe. Nilijifunza hamira inavyotaka joto, unga unavyotaka kukandwa mpaka ulegee kama ndewe ya sikio. Tulipojenga hapa Busia, kitu cha kwanza nilichotaka kabla hata ya choo kilikuwa tanuri la udongo nyuma ya jiko.

Wewe umekua ukiona desturi yetu, kwa hiyo labda hujawahi kuiangalia. Hapa mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Anabeba mkate na sukari. Ugali ni wa mtu mzima mwenye afya. Mkate ndio chakula cha mgonjwa, laini, mweupe, unachovya kwenye chai ya maziwa unashuka wenyewe. Basi mtu akiugua upande huu wa mpaka au ule wa pili, watu walipita kwangu kwanza ndipo wakaenda kwa mgonjwa. Nilikuwa naweza kujua nani anaumwa Busia nzima kwa kuangalia nani amekuja asubuhi kuchukua mkate.

Na mimi je, nilipoumwa? Wanawake walikuja asubuhi wakachukua mkate kwangu, jioni wakanirudishia uleule, umefungwa kwenye leso pamoja na sukari. Walikaa ukingoni mwa kitanda wakanishikia kikombe. "Kula, Nabwire. Kula mkate upate nguvu." Nikala, maana ukikataa cha mtu aliyekuja kukupa pole unakuwa umemkataa yeye. Nilikula siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na wiki nzima baada ya hapo, kwa sababu wageni walikuwa wengi na mikate ilikuwa mingi. Tumbo lilivimba kama la mja mzito. Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi hata nguo sikuzitazama.

Umeona wameniita Nabwire. Miaka saba niliitwa Nabwire. Wenzangu wote walikuwa Mama fulani na Mama fulani, mimi nimebaki na jina langu kama mtoto wa shule. Wifi zangu walianza kumwambia baba yako mambo, naye akawajibu kwamba reli haijamkataza kuoa mwanamke mmoja. Baadaye ukaja wewe. Nilikuita jina la bibi yako mzaa baba, lakini raha yangu haikuwa hata kwenye jina lako. Ilikuwa kwenye jina langu. Nilipoitwa Mama Athieno mara ya kwanza, sokoni, sikugeuka, nilidhani anaitwa mtu mwingine.

Sasa hapa nataka kuwa mkweli, kwa sababu hadithi ingekuwa nzuri zaidi nikidanganya. Ningependa kukuambia kwamba nilikupata wakati nimeacha mkate. Sivyo. Nilikuwa naula asubuhi na jioni. Na bibi yako aliyesema chango litaisha nikizaa, naye alikosea: ulipoanza kutembea maumivu yalirudi, na yalirudi na wenzake. Kwa hiyo mtu akija kwako na maelezo ya tumbo yaliyonyooka mno, mtilie shaka, hata akiwa ni mimi.

Mwaka wa Uhuru ulikuwa na miaka kumi na miwili, utakumbuka nilivyopelekwa ng'ambo, upande wa Kenya, nimelala kwenye lori juu ya magunia. Hospitali ile walidhani ni kidole tumbo. Walinipasua, kidole tumbo wakakikuta kizima. Daktari alikuwa Mhindi mmoja mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na Kiswahili chake kilikwenda polepole. Nilipopata nguvu ya kukaa alivuta kiti akanichorea picha nyuma ya karatasi. Hakuna mtu aliyewahi kunichorea mwili wangu. Alisema kuna ngozi laini ndani ya mji wa mimba, ile inayotoka kila mwezi kwa hedhi. Kwangu mimi nyingine imeota nje, kwenye nyama nyingine, mahali pasipo pake, madoa meusimeusi. Kila mwezi nayo inatoa damu yake kama iliyo ndani, ila haina mlango wa kutokea. Nilimwomba aniandikie jina, akaandika, na karatasi ile iko kwenye Biblia yangu mpaka leo. Nakuandikia na wewe: endometriosi. Alisema ametoa aliyoweza kuyaona, lakini yanaweza kurudi.

Nililia. Si kwa kuogopa, mwanangu. Miaka yote ile nilidhani mimi ni mvivu.

Yalirudi baada ya mwaka mmoja. Halafu bibi yako akafa, nami nikaenda Masinya msibani. Wewe ulibaki shuleni. Nilipaswa kukaa siku chache, nikakaa miezi miwili na zaidi, kwa sababu mashamba yake yalikuwa yamebaki bila mtu na mimi ndiye mkubwa. Kule hakuna tanuri wala duka la karibu. Tulikula wimbi, muhogo, majani ya kunde, simsim. Mwezi wa kwanza siku zangu zilikuja nikaumwa kama kawaida. Mwezi wa pili zilikuja nikiwa shambani, nikajua kwa kuona kanga imelowa. Nilisimama pale na jembe mkononi. Nilingoja maumivu kama mtu anayengoja mgeni aliyesema atakuja. Yalikuja kidogo, yakaketi, yakaondoka kabla ya jua kuzama.

Tumbo nalo lilikuwa limelala chini. Niliweza kuifunga kanga mara moja na nusu.

Niliporudi Busia, majirani walikuja kunipa pole ya msiba. Walileta nini? Mwezi uliofuata nilikuwa chini tena.

Nilianza kujiuliza. Sikuufikiria mkate kwanza, hata kidogo. Nilifikiria maji. Nilimwambia baba yako kisima cha Masinya kina maji mazuri, nikawa naletewa mtungi kwa baiskeli ya mjomba wako, nakunywa peke yangu. Baba yako akauliza, "Sasa tumehamia Masinya kwa mtungi?" Mwezi ule niliumwa sana, mtungi ukiwa kando ya kitanda. Nikasema basi ni kitanda, kule nililala kwenye mkeka. Nikahamia chini. Baba yako naye akahamia chini, kwa upendo au kwa ubishi, na wote wawili tukaumwa migongo. Nikasema ni huzuni, kwamba tumbo liliacha kuuma kwa sababu moyo ulikuwa unauma, lakini huzuni ilikuwa bado ipo na tumbo lilikuwa linauma pia. Nikabadili chumvi, nikaacha chai. Kila jambo nililijaribu miezi miwili, nikaweka alama za mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Fupi ni siku nzuri, ndefu ni siku mbaya. Ulipoziona likizo moja ukaniuliza, nikakuambia nahesabu mayai ya kuku. Huo nao ni uongo, uuongeze kwenye ule wa ng'ombe.

Mkate ulikuwa wa mwisho, na sababu ni kwamba sikutaka uwe ndio wenyewe. Nadhani ndivyo sote tunavyotafuta kitu kilichopotea: tunaanza pale ambapo tungependa kukikuta, na mfuko wetu wenyewe tunaukung'uta baadaye. Nikaacha mkate, mandazi, chapati, kila chenye ngano. Nilioka kwa ajili ya watu na mimi nikala kiporo cha ugali. Mwezi wa kwanza hakukuwa na mabadiliko. Mwezi wa pili alama ndefu zilikuwa mbili tu. Mwezi wa tatu hakuna hata moja. Wa nne ndefu tatu, sijui kwa nini, sikuwa nimegusa hata punje. Halafu nikala makusudi, mwezi mzima, asubuhi na jioni, na siku ya tano ya kuumwa baba yako akafuta alama zote kwa kiganja akasema hataki kuona tena mtu anajitafutia ugonjwa ndani ya nyumba yake. Ni mara moja tu amewahi kunikasirikia hivyo.

Nilirudi kwa yule daktari. Nilimweleza yote, maji, mkeka, chumvi, mkate, na nilitegemea acheke. Hakucheka. Alisema wako watu ambao matumbo yao hayapatani na ngano, wanavimba, wanaharisha, damu inapungua, na madaktari huko Ulaya wameligundua hilo zaidi kwa watoto. Inawezekana na mimi ni mmoja wao, juu ya ugonjwa wangu ule mwingine. Nikamuuliza, basi haya mawili ni ndugu? Huyu anamwamsha yule? Au ni wapangaji wawili tu ndani ya nyumba moja, na mmoja akinyamaza ndipo unaona mwingine hakuwa na kelele nyingi hivyo? Akavua ile miwani yake ya uzi.

"Mama, mimi sijui," akasema. "Hakuna mtu aliyenifundisha hii. Lakini wewe usiache kuangalia."

Nimekutana na watu wengi waliojua, Athieno. Mganga mmoja alijua, mama mkwe alijua, mhubiri mmoja aliyepita hapa na gitaa alijua kabisa. Yule daktari ndiye mtu wa kwanza kunipa heshima ya kutojua pamoja nami. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama niliyepewa dawa.

Sasa nakuja kwako, na hapa kalamu inakuwa nzito.

Wewe ulianza ukiwa na miaka kumi na mitano. Uliletwa nyumbani kutoka shuleni siku ya mashindano ya mbio, umekunja uso, na mimi, mimi niliyeng'ang'ania nguzo ya ghala, nilikuambia nini? Nilisema, "Amka, kila mwanamke anapitia hapo." Maneno ya bibi yako yalitoka kinywani mwangu yakiwa mazima, hata sauti ilikuwa yake. Uliniangalia ukaamka. Ulifagia uwanja wote umeinama upande mmoja. Nimeomba msamaha kwa Mungu juu ya ufagio ule, lakini kwako sijawahi kuomba. Nisamehe, mama yangu.

Kisha nikajuta, na nilipojuta nikafanya nini? Nilikuokea mkate. Mweupe, wa maziwa, nikauchovya kwenye chai nikakulisha kwa mkono wangu. Nilikuwa mwenyewe nimekwisha kuuacha! Nilijua yote hayo niliyokuandikia. Lakini mtoto alikuwa anaumwa, na mikono ya mama mtoto akiumwa haiendi kwenye kichwa, inakwenda kwenye desturi. Kila likizo uliumwa, kila likizo nikaoka. Nilijiambia tumbo lako ni lako, huenda umerithi la baba yako, ambaye anaweza kula misumari ya reli.

Mwaka jana ulipomaliza mtihani ukarudi kukaa nyumbani, mwezi wa kwanza ulilala siku nne. Siku ya tano, ulipoinuka ukaenda kuteka maji, nilitoka nje nikalitazama tanuri langu. Kulikuwa na unga umeumuka ndani ya karai. Nilichukua mchi nikapiga mara tatu, paa likaingia ndani. Mguu wa nyuma wa ng'ombe wa Mama Taabu ulikuwa umeacha alama pale karibu tangu jana yake, na aibu yangu ikaiona kabla yangu.

Kwa nini sikukuambia tu uache ngano? Nina sababu mbili, moja nzuri na moja mbaya. Nzuri ni hii: niliwahi kupakwa mafuta ya maombi na yule mhubiri, nikapona siku kumi kwa sababu nilitaka kupona. Nilijua nikikuambia, tumbo lako litanitii mimi, wewe ni mtoto mtiifu, na sitajua ukweli. Nilitaka tumbo liseme bila kujua limeulizwa. Mbaya ni hii: nilikuwa naogopa. Nikikuambia ni mkate, utauliza umeujua tangu lini, nami ningelazimika kujibu tangu kabla sijakulisha.

Wengine waliteseka kwa uongo wangu. Mama Taabu alikuja jioni ile ile ameinamisha kichwa. Alisema, "Mama Athieno, ng'ombe yangu imevunja tanuri yako, mimi nasikia haya." Akanipa pole, na akanipa alichonunua dukani: mkate na sukari. Wewe ulikuwa unaingia mlangoni. Niliuficha chini ya kanga, nikatoka nao nyuma, nikampa yule ng'ombe wake aliyesingiziwa. Aliula wote. Nilimwambia tumeshalipana, lakini sikujisikia hivyo. Kabla hujarudi leo nitakwenda kwa Mama Taabu kumwambia ukweli, na kama utatukuta hatusalimiani kesho asubuhi, utajua kwa nini.

Uliniuliza mara ngapi, mkate lini? Nikasema baba yako hana nafasi ya kutengeneza tanuri. Ulikasirika ukasema, "Mama, nyumba ya mwoka mkate, tunakula mihogo kama wafungwa." Nilicheka, halafu nikaenda jikoni nikachora alama nyingine.

Hizi ndizo alama zako, ni zako, nakurudishia. Mwezi wa kwanza bila ngano, siku tatu mbaya. Wa pili, moja, na uliamka ukaenda kisimani. Wa tatu ulikwenda Majanji na wale wanawake wa samaki, ukarudi umeungua pua kwa jua, na mimi niligundua zilikuwa siku zako kwa kuona nguo kwenye kamba. Niliketi chini nikazitazama nguo zile zikipepea. Halafu ukaenda kwa shangazi yako Tororo, ukakaa majuma mawili unakula mkate wake na chapati zake, ukarudi ukalala siku tatu.

Inaonekana imenyooka, sivyo? Kumbuka nilivyosema juu ya maelezo yaliyonyooka. Majuma yale ya Tororo ndiyo uliyokuwa unangoja jibu la chuo, hukulala wala hukula vizuri. Na ile miezi mizuri, sijui ulikula nini kwa rafiki zako. Wala mwezi mmoja mzuri si ushahidi, mimi mwenyewe nilikuwa nayo mizuri na mibaya bila sababu. Huenda una ugonjwa wangu, huenda huna. Huenda ngano haipatani na tumbo lako na chango ni jambo jingine kabisa. Sijui, mwanangu. Naandika neno hilo kwa raha, kwa sababu zamani lilinitia aibu.

Ninachojua ni kwamba nilikosea kukufanyia majaribio kama mtungi wa maji. Ulikuwa na haki ya kujua mchi umepiga nini. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi niliyaficha maradhi ya mtu mwingine, ambayo ni mabaya zaidi.

Huko Kampala, chuo cha wauguzi, watawapa mkate kila asubuhi. Nimemuuliza binti wa katekista aliyesoma huko. Sitakuwepo wa kuvunja tanuri lao. Usiende ukasema mama yako amekukataza, watadhani ni mwiko wa kwetu, wengine watakucheka na wengine watauamini mwiko wenyewe, na sijui lipi baya zaidi. Wewe unakwenda mahali penye madaktari na vitabu. Mimi nilikuwa na mlango na mkaa. Siku ukikutana na daktari anayejua kila kitu, msikilize. Ukikutana na yule anayesema sijui, mchoree mlango wangu. Na akija kwako msichana amekunja uso, nawe umevaa lile gauni lako jeupe la uuguzi, usimwambie kila mwanamke anapitia hapo. Muulize amekula nini, amelala wapi, inauma wapi. Hata kama maswali hayo hayatatibu kitu, atajua kuna mtu aliyetaka kujua.

Ndani ya mfuko wako utakuta debe dogo la unga wa wimbi uliochanganywa na muhogo, nimeusaga jana. Juu yake utakuta mkate. Ndiyo, mkate. Baba yako alilitengeneza tanuri juma lililopita kwa siri, alitaka usiondoke bila mkate wa safari, maana msafiri naye kwetu hupewa mkate, na sikuwa na moyo wa kumwambia aliyelivunja ni nani. Nimeuoka asubuhi hii. Mara mbili nimeutoa mfukoni, mara mbili nimeurudisha. Sasa nimeuacha humo. Nimechoka kukuamulia kwa mchi.

Kula upendacho, acha upendacho, lakini ujue unachofanya, na uweke alama zako mwenyewe mahali ambapo hutalazimika kumdanganya mtu kwamba ni mayai. Baada ya miezi sita niandikie ulichokiona. Ukiona nilikuwa na ukweli, nitafurahi. Ukiona nilikosea, niandikie haraka zaidi, kwa telegramu kama unaweza, maana jikoni hapa pananukia harufu ya ule mkate wako tangu asubuhi, na mimi, Athieno, miaka minne sasa sijaonja hata ukoko.

Mama Athieno